Muombeeni Kama Mwizi

Mama yangu ana tabia moja ambayo imenifanya nitamani ardhi ipasuke inimeze, na si mara moja. Ukikosea jina la kosa la mwanawe, anakusahihisha.

Mara ya kwanza kumsikia akifanya hivyo ilikuwa Butiama, nje ya kanisa, watu wametoka ibadani wanasalimiana na kuulizana habari za mvua. Nilikuwa nimetoka Musoma asubuhi hiyo nikiwa na kitenge kipya kilichoshonwa vizuri. Nilijua watu watanitazama, kwa hiyo nikaona bora wapate kitu kizuri cha kutazama. Mama mmoja wa kwaya, ambaye wala hakuwa na nia mbaya, akamshika mama mkono akamwambia pole sana kwa huo mtihani wa kuzaa jambazi, sisi wenzako tunakuombea. Mama akautoa mkono wake taratibu.

"Asante kwa maombi," akasema. "Ila mtoto wangu sio jambazi. Ni mwizi."

Yule mama akacheka kidogo, akidhani ni utani wa kujikaza. Mama hakucheka. Akaendelea kwa sauti ileile anayoitia kuku jioni: "Jambazi anamnyang'anyaga mtu. Mwanangu alivunja behewa, ndani hakukuwa na mtu. Muombeeni kama mwizi."

Waliokuwa karibu wakageuka wote. Mimi nikainama kana kwamba kiatu kimenibana, nikabaki huko chini nikihangaika na kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Hakuna aliyekicheka kitenge changu wala kukisifia. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimsema mama mpaka koo likakauka. Nilimwambia hakuna mzazi mwenye akili anayesimama mbele ya kanisa kutangaza kwamba mwanawe ni mwizi. Akanijibu kwamba yeye hakutangaza, alirekebisha.

Aliyekuwa anarekebishiwa jina ni kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu na wa kiume peke yake. Kijiji chetu kiko kati ya Butiama na Buswahili, na mkoa wetu wote hauna reli. Watu wengi kwetu treni wameiona kwenye televisheni ya dukani tu. Kaka aliondoka kwenda kutafuta maisha upande wa Shinyanga, kwenye mji mmoja wenye stesheni, akawa kuli wa kupakia na kupakua mizigo. Alikuwa na mgongo mpana na hakuwa mvivu. Nilikuwa namsifia kwa mume wangu kila tunapogombana, ili ajue wanaume wa kwetu wanavyofanya kazi.

Baba alipofariki, kaka alikuja msibani na gunia zima la sukari. Mtu aliyewahi kuhudhuria msiba wa kijijini anajua maana yake. Chai haikukatika. Wazee walikunywa, wakaongezewa, wakasema mtoto wa marehemu ametuheshimu. Mimi nilizunguka na birika nikiwa na huzuni ya kufiwa na kiburi kidogo pembeni yake, na kila aliyeomba kuongezewa nilimwongezea mpaka kikombe kikataka kumwagika.

Gunia lile sikulifikiria tena hadi tulipopata habari kwamba kaka amekamatwa. Treni ya mizigo, kama alivyokuja kutueleza, hupisha wenzake. Inaingizwa kwenye njia ya pembeni, inasimama inangoja nyingine ipite, na kungoja huko kunaweza kuwa kurefu. Hapo ndipo wenye kazi yao huja. Behewa linafungwa kwa sili, kawaya ka chuma kanakopitishwa kwenye komeo, na sili ikikatwa mlango unafunguka. Kaka na wenzake walikata sili wakashusha magunia ya sukari. Walikamatwa nayo kabla hawajafika mbali.

Mwanzoni alishitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mlinzi wa treni alikuwa ameandikisha polisi kwamba alivamiwa na watu wenye panga. Kesi ikawa inaitwa na kuahirishwa, inaitwa na kuahirishwa, kwa sababu huyo mlinzi hakuonekana tena kutoa ushahidi. Wengine walisema amestaafu akarudi kwao, wengine walisema anaumwa. Mwishowe upande wa mashitaka ukabadilisha, ikawa kuvunja na kuiba. Kaka akakiri hilo la pili siku hiyohiyo, akafungwa miaka michache.

Mama alikuwa akienda mahakamani kila kesi ilipoitwa, basi la alfajiri, kikapu cha viazi vitamu miguuni. Kwenye korido ya mahakama alikutana na wakili mmoja aliyekuja na kesi ya watu wengine. Mama hajui kuogopa watu wenye tai. Akamshika koti akamuuliza mtoto wangu wamembadilishia nini, na yule kijana, Mungu ambariki, alisimama akamweleza kwa Kiswahili chepesi. Unyang'anyi ni kumwendea mtu, ukamtisha au ukamgusa, ukachukua. Huo ukipatikana nao kwa silaha ni miaka thelathini, na dhamana hakuna. Kuvunja ni kufungua mahali palipofungwa, mwenyewe hayupo, ukachukua. Vyote ni kosa, mama, lakini mmoja ameumiza mlango na mwingine ameumiza mtu.

Mama alirudi na maneno hayo na hakuyaweka chini tena.

Kwa kilugha chetu, au angalau kile anachokiongea mama, mwizi ni mwizi tu, awe ameiba kuku au amevamia benki. Kwa hiyo alikuwa anaongea kilugha vizuri, akifika hapo anaruka kwenye Kiswahili, anachukua "jambazi" na "mwizi", anavitofautisha, halafu anarudi kwenye kilugha kumalizia. Ungemsikia kisimani ungedhani anafundisha. Alikwenda kumuuliza kaka gerezani, ana kwa ana, kama kulikuwa na mtu. Kaka akamwambia hakukuwa na mtu, mlinzi alikuwa mbele na dereva, yale ya panga ni maneno ya kujitetea asifukuzwe kazi. Mama akaridhika. Tangu siku hiyo ilikuwa kama amepewa kazi ya kuzunguka kijiji kizima akisafisha jina la mwanawe hadi libaki chafu kwa kiasi chake halali.

Mimi naishi Bweri, hapo Musoma, nina mgahawa mdogo karibu na barabara. Nauza ugali na samaki wa sato, nauza furu, visamaki vidogo vya kukaanga, kwa wanaopenda vitu vya mifupa, na chai asubuhi. Wateja wangu wengi ni mafundi wanaojenga nyumba mpya za huku na vijana wa bodaboda. Walipouliza kaka yako yuko wapi siku hizi, nilijibu yuko mambo ya reli. Sikuona kama nimedanganya sana, reli kweli ilihusika.

Halafu mama akaja Musoma kutibiwa macho. Nikamketisha kwenye mgahawa nikimwomba Mungu atulize ulimi wake, na kwa bahati yangu siku hiyohiyo akatokea mama mkwe, ametoka kijijini kwao kule rasini na furushi la samaki wakavu. Mama mkwe ni mtu wa kanisa, mpole, wa maneno machache, na kwa miaka yote niliyoolewa kwake nilikuwa namwogopa kwa sababu ya upole huo. Wakaketi meza moja. Nikawawekea chai. Kijana mmoja wa bodaboda akaanza kusimulia mwenzao alivyoporwa pikipiki njia ya Bunda, majambazi wamemfunga wakamtupa kwenye shamba la pamba.

"Hao ndio majambazi sasa," mama akasema, kama mtu aliyekuwa anangoja mfano. "Wa kwangu ni mwizi tu. Yuko gereza, alivunja behewa ya treni. Hakumgusaga mtu."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Sikumbuki niliiweka wapi. Yule kijana akasema "aisee" halafu akatazama chai yake. Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Mwizi. Haya, mama mzazi mwenzangu, pole." Alikuwa na mkoba mdogo mweusi, umewekwa kwenye benchi kati yake na mama. Hakuusogeza haraka. Alikunywa chai kwanza, akafuta mdomo, kisha akauchukua akaupakata.

Aibu ya mkoba ule ninayo mpaka leo. Nilimpandisha mama basi kesho yake nikiwa simuongeleshi, na yeye akanishukuru kwa sato, akaniambia mama mkwe wangu ni mtu mzuri, amemwelewa yeye vizuri.

Kaka alipotoka gerezani hakuja nyumbani moja kwa moja. Alifikia Bunda kwa mjomba, kwa sababu kijiji chetu kina masharti yake. Sungusungu wa kwetu, walinzi wa jadi ambao wazee waliwaweka enzi za wizi wa ng'ombe, walikuwa na msimamo unaojulikana na kila mtu: aliyeiba akishatumikia adhabu yake anarudi, anatoa mbuzi, anaangaliwa. Jambazi harudi. Aliyewahi kumshikia mtu panga hawezi kulala kwenye kijiji chenye watoto na wazee wa watu. Na kaka alikuwa amebaki kwenye midomo ya watu kwa jina la jambazi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama, miaka yote ile, hakuwa anabishana kwa kupenda kubishana. Alikuwa anamtengenezea njia ya kurudi. Nyumba ya baba ilikuwa na yeye peke yake. Macho yalikuwa yanafifia, alishaanza kujikwaa kwenye mlango wa zizi. Alitaka mwanawe wa kiume alale chini ya paa la baba yake, afunge zizi, na siku yake ikifika awe wa kwanza kutupa udongo. Mimi ni binti, nimeolewa, nina mgahawa. Alichokihitaji hakikuwa kwangu, na alikuwa ananiambia hivyo bila kunisimanga.

Mkutano ukaitishwa kuamua kama atarudi. Mvua ilikuwa imekaza, kwa hiyo tuliingia wote kwenye ghala la zamani la pamba, ambalo limebaki kuta na bati na harufu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na kiti. Sisi wengine tulikaa kwenye mikeka na matofali. Kaka alikaa chini, mgongo ukutani, amekonda, mgongo wake mpana umebaki mifupa. Sikuweza kumtazama sana. Nilikuwa naona aibu kwa niaba yake, halafu naona aibu kwamba naona aibu, halafu nakumbuka mkoba wa mama mkwe, hasira inanirudia.

Mkuu wa sungusungu, mzee mwenye fimbo na koti la mvua la kijani, ndiye aliyeanza.

"Mama, sisi hii behewa hatuifahamu. Ni nyumba au ni gari?"

Watu wakacheka. Mama alikuwa amejiandaa kwa swali hilo.

"Baba, ni kama hii ghala tuliyokalia. Ina ukuta, ina bati, ina mlango na komeo. Ila chini ina magurudumu."

"Basi ni gari," akasema mzee mwingine kutoka nyuma. "Na ukisimamisha gari ya mtu ukachukua mzigo, huo ni ujambazi. Hata njia ya Bunda wanafanyaga hivyo."

"Haikusimamishwa na mtu. Yenyewe ilisimamaga inapisha mwenzake. Gari ya njia ya Bunda ina dereva ndani, ana roho, anaogopa. Ndani ya behewa kuna magunia. Gunia haliogopi."

Watu wakacheka tena, lakini kwa namna nyingine, na nilihisi ghala linamwelekea. Mwenyekiti mwenyewe alitabasamu. Walibishana hapo kwa muda, kama ghala lenye magurudumu ni ghala, kama mtu akivunja ghala wakati mlinzi kalala nje ni kuvunja au ni kuvamia, mmoja akatoa mfano wa mbuzi aliyeibwa kwenye zizi lake na yeye akiwa ndani ya nyumba anasikiliza redio. Wakakubaliana huo ulikuwa wizi. Mzee mmoja, rafiki wa baba, akasema kwa sauti ya chini kwamba na sisi hapa tulikunywa sukari ya msibani bila kuuliza ilitoka wapi, tusijifanye wasafi mno. Hapo kicheko kikaisha. Nikainamisha kichwa, maana birika nilikuwa nimelishika mimi.

"Nauliza la mwisho," akasema mzee wa koti la kijani. "Treni nzima haiwezi kujiendea yenyewe. Mlinzi wake alikuwa wapi?"

"Alikuwa mbele na dereva," akasema mama. "Hawakuonana naye."

"Nani amekwambia?"

"Mwanangu."

Mzee akamtazama kaka. Kaka alikuwa anatazama miguu yake.

"Mama, unaweza kulila hilo?"

Kula neno, kwetu, ni kuliapia. Na mama alikuwa amejiandaa kwa hilo pia. Asubuhi ile tulipitia kwenye kaburi la baba, na yeye alichuchumaa akachota udongo kidogo akaufunga kwenye pindo la khanga. Nilimuuliza wa nini, akasema tutaona. Mimi naenda kanisani, na yeye anaenda kanisani kuliko mimi. Lakini hakuna mtu wa kwetu, mwenye kanisa au asiye na kanisa, anayefanyia mchezo udongo wa kaburi. Ukiulamba juu ya jambo la kweli, basi. Ukiulamba juu ya uongo, unakufuata, na kama si wewe ni walio nyumbani mwako.

Mama akasimama. Akafungua pindo, akamimina udongo kwenye kiganja cha kulia. Ulikuwa mwekundu na mbichi kwa sababu ya mvua. Wanawake wa kwaya walikuwepo, mzee wa kanisa alikuwepo, na mimi nilitamani kumzuia kwa ajili yao, maana jioni ile ingekuwa habari ya Butiama nzima. Akasema jina la baba. Akasema, "Kama mwanangu alimgusa mtu," na akainua mkono kuelekea mdomoni.

"Mama, usilambe."

Kaka hakuipandisha sauti. Mkono wa mama ukabaki hapo karibu na kidevu.

"Usilambe," akarudia. "Mtu alikuwepo."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kaka akaeleza bila kuulizwa, macho yakiwa bado miguuni. Mlinzi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya behewa la nyuma. Mzee, amejifunika koti. Panga lilishikwa na mwenzake. Yeye kaka, kwa kuwa alikuwa na nguvu kuliko wote, alipewa kazi ya kumfunga kwa kamba za magunia.

"Nilimgeuza mikono nyuma," akasema. "Akaniambia, mwanangu, taratibu, mkono huo unauma. Nikafunga hivyohivyo."

Hakusema zaidi ya hapo. Mwenyekiti akavua kofia akaishika magotini. Sikuona mtu aliyekasirika. Mzee wa sungusungu alimshukuru kaka kwa kumwokoa mama yake, alisema hivyo hasa, kisha akamwambia kwamba masharti ya kijiji anayajua. Kaka akajibu kwamba anajua. Mkutano ukaisha. Watu wakatoka kwenye mvua bila kungoja ikate, nadhani ili wasibaki humo na sisi.

Mama alikuwa bado amesimama na udongo kiganjani. Huwezi kuutupa udongo wa kaburi kwenye sakafu ya ghala. Alihangaika kuufunga tena kwenye pindo kwa mkono mmoja, akashindwa, nikaenda nikamfungia. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Tukarudi kaburini kuurudisha, sisi wawili mbele na kaka nyuma yetu mbali kidogo, hakuna aliyemwambia aje wala asije.

Mama akaurudisha udongo mahali ulipotoka, akaupigapiga kwa kiganja. Akabaki amechuchumaa. Kisha akauliza, bila kugeuka:

"Mkono gani?"

"Wa kushoto," kaka akasema.

"Ulipona?"

"Sijui, mama."

Kaka alirudi Bunda jioni ile. Yuko huko mpaka sasa, anafyatua tofali, na mama akinipigia simu ananiuliza kama kaka yako amekula. Kwenda kumwona anaenda, na viazi vyake kikapuni kama zamani. Nyumbani hajamwita tena. Zizi linafungwa na kijana wa jirani.

Niliogopa jambo moja baada ya siku ile. Niliogopa kwamba mama atanyamaza. Nilikuwa nimeomba anyamaze kwa miaka, na sasa nilidhani nimepata nilichoomba, na kila nilipokwenda kumwona nilimkuta anaongea kidogo, anasahau chumvi, anaita kuku kwa sauti ndogo hadi wengine hawaji. Nilimwonea huruma, na chini ya huruma kulikuwa na kitu ninachoona aibu kukisema: nilikuwa nimepumzika. Angalau, nilijisemea, hatutaaibishwa tena hadharani.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mashineni kusaga mahindi. Kulikuwa na foleni, mashine inanguruma, vumbi la unga limewajaa watu kope. Mwanamke mmoja mgeni, aliyeolewa kijijini kwetu juzijuzi, alikuwa anaulizauliza majina ya watu ili awazoee. Akamuuliza jirani yake kuhusu mama. Mashine ikazimwa wakati huohuo, ikawa kila mtu amesikia jibu.

"Ndiye mama wa yule mwizi wa treni."

Jirani yule akagutuka, akaanza kuomba radhi. Ni mama yuleyule wa kwaya, na alikuwa amechagua neno kwa uangalifu, neno ambalo mama alimfundisha mwenyewe nje ya kanisa. Nilimshika mama kiwiko nikamwambia twende, tutasaga kesho. Mama akautoa mkono wangu taratibu.

"Sio mwizi," akasema. "Ni jambazi. Kulikuwa na mtu pale. Mzee, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unauma."

Kisha akaniambia nishike debe upande ule mwingine, zamu yetu imefika.